Batobato Shambani kwa Mwanapili

Mwanapili wa Munje ndiye mtu pekee niliyepata kumwona akiulea muhogo mgonjwa. Mimi hununua muhogo shambani nikauza Diani, kwa hiyo batobato naijua: jani hujikunja, hutoka madoa ya manjano, na chini hupati kitu. Tena huambukiza na shamba la jirani.

Ila yeye alikuwa na kazi yake. Purity, mtafiti, alimfundisha kuizalisha mihogo. Mwanapili alichukua chavua ya muhogo mchungu wa uani kwa mamake, usiopata kuugua, akaipaka kwenye ua la kibandameno, muhogo mtamu unaougua kila mwaka. Kisha akalifunika ua kwa kijifuko cha kitambaa, nyuki asije akaiharibu ndoa. Mbegu zake zikatoa miche mia na ishirini, kila mmoja na kibao cha namba kilichofungwa shinani. Baba mmoja, mama mmoja, lakini nusu waliugua, nusu wakasimama wazima.

Siku aliyokwenda matangani Mkongani, nilipita kwake. Nikaing'oa miche yote iliyojikunja, nikairundika ukingoni tayari kuchomwa. Nilitaraji shukrani, na pengine bei nzuri.

Alirudi adhuhuri. Hakupiga kelele. Aliuliza tu kama nimeviondoa vibao. Nikamwambia sikuvigusa.

"Alhamdulillahi. Basi kaa hapa, kaka, tuchume majani kabla hayajanyauka."

Tukichuma, akanieleza. Purity hulinganisha majani ya wagonjwa na ya wazima, ili ajue jeni ya yule baba mchungu inayozuia ugonjwa iko sehemu gani. Wazima peke yao hawamwambii kitu. Kazi ya miaka miwili ilikuwa kwenye rundo langu.

"Wewe ukinunua, hupimi kwa jiwe la mizani?" akasema. "Wagonjwa hawa ndio jiwe langu."

Nikaendelea kuchuma. Jioni Purity aliyapokea majani yangali mabichi, kila bahasha na namba yake.

Jeni ilipatikana iliko. Wakazalisha tena, mara hii wakichagua mche kwa kupima jani lake, bila kungoja uugue. Muhogo ninaouza leo, mtamu na mzima, umetoka kwenye mikono ile. Mimi nabishana bei na kila mtu. Kwa Mwanapili sibishani.

Mwezi uliopita alinipa vipande vya shina lake nipande kwangu.

"Kimoja kikiugua, kaka, usikiguse. Niite kwanza."

Nimevipanda. Kila kimoja nimekitia kibao.