Bembea Pembeni mwa Baba

Mji wetu unafufuliwa. Mimi nilikuwa sijui kwamba Musoma ilikufa, msibani sikualikwa, lakini wakubwa wamesema hivyo na nani awabishie. Zamani, wanasema, watu walikuwa wanakuja na meli kupumzika huku ziwani, wanaota jua juu ya mawe. Sasa warudi. Mawe yamepakwa chokaa, eti yapendeze. Mawe! Yamekaa pale tangu dunia iumbwe, kumbe yalikuwa yanasubiri brashi ya kamati. Na watalii wenyewe? Wakifika Bunda wanakata kona kwenda Serengeti kuangalia nyumbu, sisi tunabaki na chokaa yetu.

Nyumba ya mama yangu iko Makoko, ina baraza pana linalotazama ziwa. Kamati ilipoanza kutafuta nyumba za zamani za kulaza wageni, ya kwetu ikawa ya kwanza. Mama alifurahi, jamani! Tangu baba afariki alikuwaga anakula peke yake, anaongea na redio. Akafua mapazia, akanipigia simu Bunda ninakofanyia kazi: "Njoo, nyumba itapata watu."

Nikaja. Mtaalamu wa kamati naye akaja, kijana nadhifu wa kutoka Dar, miwani juu ya kichwa na futi mkononi. Akasifia baraza, akasifia upepo, akasifia mpaka banda la kuku. Kisha akaliona kaburi la baba, pale uani mbele ya baraza, na marumaru zake nyeupe.

"Na hili?"

"Huyo ndiye mwenye nyumba," mama alimjibu. "Msalimie."

Kijana wa watu akasalimia, maskini, halafu akatueleza kwa upole kwamba mtalii hawezi kunywa chai huku anatazamana na marehemu. Tulihamishe, labda Kiabakari kwa ukoo wetu. Nilitaka kucheka. Hapo Butiama tu watu wanatoka nchi za mbali kuja kuona kaburi la Baba wa Taifa, wanapiga picha, wanasaini kitabu cha wageni. La baba yangu linafukuza wateja. Kosa lake ni kutokuwa mashuhuri.

Mama alikataa. Mtaalamu, mtu wa suluhu, akasema sawa, tutalizungushia maua, tena marefu. "Ila hapa pembeni," akaonyesha kipande cha majani upande wa kulia, "tutaweka bembea. Wageni wanapenda sana bembea."

Mama akanitazama. Kipande kile ni chake. Nyumbani sote tunajua, alikichagua siku ileile tuliyomzika baba. Nilijua anachopima moyoni: akisema hapana, anarudi kuongea na redio.

Akavua kandambili. Akajilaza pale majanini, chali, akavuta kitenge kufunika miguu, bega lake likigusa marumaru.

"Haya mwanangu, nipime," alimwambia mtaalamu. "Halafu hiyo bembea uiweke patakapobaki."

Kijana hakupima. Aliirudisha futi mfukoni, akasema atatupigia, akaondoka bila kumaliza soda. Basi, mji utafufuka bila sisi, Mungu ausaidie. Roho iliniuma. Nikainama nimwinue mama.

"Niache kidogo," alisema. "Ndani huko nalala peke yangu."