Kaka Aliyekuwa Ndani ya Malimba

Siku yangu ya kwanza kazini gazetini sikupewa hata kiti. Mhariri wa Makala, mama mnene asiyependa maneno mengi, alinikabidhi kalamu na kunituma sokoni Majengo nikawasikilize wauza nafaka wanavyonadi, kisha nirudi niandike nilichosikia. Nikarudi na kurasa zilizojaa. Akaanza kukata. Kila palipoandikwa "tamu" pakachorwa mstari, kila "nzuri" ikaenda na maji, mpaka ikabaki mistari ya kuhesabika.

"'Tamu' tumewaachia wauza miwa," akasema. "Wewe ni mhakiki. Niambie sauti inatoka wapi, inagonga wapi, inafia wapi. Utamu msomaji atauona mwenyewe."

Nililia chooni siku ile, nisiwadanganye. Lakini neno lile sikuliandika tena maisha yangu yote ya kazi.

Ninyi mnaohakiki muziki kwa simu mkiwa mmejilaza kitandani hamtaamini, ila enzi zetu mhakiki alikuwa mtu wa miguu. Kanuni ya Mhariri ilikuwa kusikia mara mbili. Mara ya kwanza unasikia jukwaani, ngoma ikiwa imefupishwa ili hotuba zipate nafasi. Mara ya pili unamfuata mpigaji nyumbani kwake, umsikie akipiga bila mgeni rasmi. Ukisikia mara moja tu, alisema, hujahakiki, umehudhuria.

Basi nikatembea. Nilihamishiwa Kondoa kuwa mwandishi wa huko, nikapanda malori ya mahindi, nikala vumbi. Huko Kolo wageni walipita kwenda kutazama michoro ya miambani. Mimi nilibaki chini na akina mama waliokuwa wakipepeta ulezi, maana waliimba. Makala zangu zikawa nusu wimbo, nusu njia. Mhariri Mkuu alininung'unikia kwamba haelewi kama nahakiki muziki au nadai nauli. Hata hivyo wasomaji walizipenda, na ndipo Mkurugenzi wa shirika moja la uchapishaji akaniita nizigeuze kuwa vitabu. Hivyo ndivyo nilivyokuwa mwandishi wa safari, bila kukusudia.

Katika safari hizo ndipo nilipomfuata Mzee Ndahani, kijijini kwake kupita Bahi. Nilikuwa nimemsikia jukwaani mjini. Nyumbani kwake nilisikia kitu kingine kabisa. Malimba, kwa wasioijua, ni sanduku la mti lenye vyuma vyembamba vinavyopigwa kwa vidole gumba. Ya kwake ilikuwa na matundu yaliyozibwa kwa utando mweupe wa kifuko anamotagia buibui. Chuma kikilia, utando nao unatetemeka, na sauti inapata mvumo, kama nyuki waliofungiwa mtungini. Asiyejua hudhani chombo kimepasuka. Mgogo akiikosa ile sauti atakuuliza malimba ina ugonjwa gani.

Aliyeiunda ni kaka yake, ambaye alikwisha kufa. Hakutumia kinanda kuilinganisha. Aliimba, akasogeza chuma mbele na nyuma mpaka kikakubaliana na koo lake, kisha akahamia kingine. Nilimwuliza Mzee Ndahani kwa nini huimba akiacha nafasi katikati ya mistari. Akanijibu kwamba hizo ni nafasi za kaka.

Mkurugenzi alitaka kitabu changu cha mwisho kitoke na santuri ndani yake. Studio ilikuwa Kizota, katikati ya karakana za kuchomelea mageti. Nilimwambia fundi mitambo arekodi chombo kama kilivyo, akaitikia vizuri tu, nami nikaenda Kolo kumalizia sura moja. Siku ya kwanza walijaribisha sauti, na Mzee akaiacha malimba studio ili aendelee kesho yake.

Fundi yule hakuwa mtu mbaya. Hilo ndilo linalonitesa, maana sina wa kumchukia. Alisikia mvumo akadhani ni kasoro. Alisikia vyuma havilingani na kinanda chake cha umeme akadhani uzee umevilegeza. Akaipeleka karakana ya jirani. Vyuma vikakatwa ncha na kupigwa tupa, utando ukabanduliwa, mti ukapakwa mafuta. Akaifunga katika kitenge kipya, na asubuhi akampa Mzee kwa mikono miwili.

"Nimekutengenezea, babu. Ilikuwa imechoka."

Mzee Ndahani aliipokea kwa mikono miwili na kumshukuru, kama adabu inavyotaka. Akarekodi. Niliporudi nilimkuta nje ya studio, malimba mapajani. Nilimwamkia, akaitikia, akanipigia kidogo. Ilikuwa safi kama kengele ya shule. Kisha akaweka kiganja juu ya vyuma.

"Kaka ametoka, binti yangu," akasema.

Nilimwomba Mkurugenzi aiondoe ile santuri kitabuni. Akanijibu kwamba haijawahi kurekodiwa malimba safi namna ile, na wateja wameipenda. Ilikuwa kweli, waliipenda. Ikabaki kitabuni pamoja na jina langu, nami nikamwandikia barua ya kuacha kazi.

Mzee alijaribu kuirudishia malimba sauti yake. Nilikwenda kumwona mara nyingi. Alibandika utando mpya, akasogeza vyuma, akaimba, akasogeza tena. Lakini vyuma vilikuwa vimefupishwa, na aliyejua pa kuvisimamisha alikuwa kaburini. Alisema kila akikaribia, kile kinanda kinamwingilia masikioni. Mwishowe aliacha kupiga, kisha akaacha na kuimba. Alipofariki, msiba wake haukuwa na malimba. Watoto wake walinipa ile ya kwake, na sasa iko kabatini kwangu. Siipigi.

Ustaafu ni kukaa na ulichokiona. Juzi alikuja binti mmoja wa chuo anayesomea muziki, akanipa shikamoo yake, akanieleza kwamba ameisikiliza santuri na anataka kujua malimba ya Mzee ilikuwaje kabla ya Kizota. Nikamsomea uhakiki wangu wa zamani, ule wa sauti inakotoka, inakogonga, inakofia. Nilikuwa nikijivunia sana makala ile. Alisikiliza mpaka mwisho kwa heshima.

"Sawa, bibi," akasema. "Lakini ilikuwaje hasa?"

Nikatafuta. Nilikuwa na kazi ya maisha mazima pale mezani, vitabu na magazeti, na mimi ndiye mhakiki pekee aliyebaki aliyeisikia mara mbili. Binti alisubiri, kalamu mkononi.

"Ilikuwa tamu," nikamwambia.

Akaandika.