Nembo Iliyofifia

Katika ukumbi wa mbele wa chuo kikuu kikongwe cha mji ule, katikati ya sakafu ya marumaru, nembo ya shaba imefifia. Zamani ukiingia ilikupiga machoni. Sasa ina rangi ya sufuria iliyosahauliwa jikoni. Wanaodeki hupitisha dekio juu juu na kwenda zao. Aliyeing'arisha hayupo.

Wanafunzi walimwita Mama Nembo. Kila asubuhi alipiga magoti juu ya shaba ile, kitambaa mkononi, akasugua kitabu na mwenge vilivyochongwa humo, na maneno ya kigeni yaliyovizunguka. Ukutani, majaji na mawaziri waliosoma pale walimtazama kutoka kwenye fremu zao. Chuo kilijivunia sura hizo. Kila mgeni aliambiwa kwamba nchi ilizaliwa humo ndani. Jambo moja halikuandikwa popote, na kila mwanafunzi alilijua: ukiikanyaga nembo kabla ya kuhitimu, hutahitimu ng'o. Kwa hiyo waliizunguka, hata waliochelewa mtihani, hata wale waliocheka imani za wazazi wao.

"Wenzio wanaiogopa, wewe unailalia kabisa!" bawabu alimtania.

"Mimi nina shahada gani ya kupoteza, baba?" Wakacheka wote wawili.

Kisha binti yake, mtoto wake wa pekee, akapata nafasi palepale kusomea sheria. Miaka ya mwanzo mambo yalikwenda. Mwaka wa mwisho akafeli. Akarudia, akafeli tena. Alisema akikaa tu mbele ya karatasi, yote aliyosoma yanamtoka kama maji kwenye kichujio. Chuo kikampa nafasi ya mwisho.

Katika chumba chao kimoja, pazia likitenga kitanda na jiko, mama alimsikia akinong'ona sentensi ileile mara kwa mara, kisha akilia. Hapo ndipo wazo lilipomwingia. Mtoto hakuwahi kuikanyaga nembo. Lakini aliyemzaa aliikanyaga kila siku kwa magoti, hata alipokuwa na mimba yake.

Tangu kesho yake akawa anadeki kwa kuizunguka. Shaba ikaanza kufifia, kingo kwanza, kisha mwenge. Sherehe za miaka mia moja ya chuo zilikuwa zimekaribia, na msimamizi wa usafi akamwita.

"Mama, wageni wakubwa wanakuja. Pale katikati kuna nini?"

"Nitapasugua, mwanangu. Matokeo yakitoka tu."

"Matokeo ya nani tena?"

Mama akakamua dekio lake.

"Haya, sugua ukiwa pembeni basi."

"Mkono haufiki."

"Magoti yanafika. Ukishindwa, atakuja mwingine."

Hakupiga magoti. Akaja mwingine.

Binti aliposikia habari hizo kwa bawabu, alirudi nyumbani akihema. "Mama, umekubali kufukuzwa kazi kwa uzushi wa wanafunzi?"

"Wewe mwenyewe huizunguki?"

Msichana akachukua vitabu vyake, akaenda nyuma ya pazia. Kesho yake aliingia kwenye mtihani na macho mekundu.

Siku ya sherehe, yule mwingine akiwa ameshindwa kuing'arisha, walitandika zulia juu ya nembo. Wageni wakapita na viatu vyao vyeusi, hotuba zikasifu walioitwa mwanga wa taifa. Baadaye zulia likakunjwa, na matokeo yakabandikwa kwenye ubao wa ukumbini. Mama alisubiri nje, mlangoni. Hakuwa na ruhusa tena ya kuingia kwa mlango ule. Alimwona binti yake akisoma majina kutoka juu hadi chini, akirudi juu, akishuka tena. Kisha msichana akageuka na kuja moja kwa moja, akikata katikati ya ukumbi.

"Zunguka!" mama alipiga kelele, hata bawabu akashtuka. "Zunguka, mwanangu! Zunguka!"

Msichana hakuzunguka. Naye sasa hakuwa na shahada ya kupoteza.

Mama Nembo sasa anadeki korido za hospitali ya serikali, zamu ya mchana. Sakafu ya kule ni saruji tupu.