Bluu ya Baba Mkwe

Kuna watu wakisafiri kikazi hurudi na zawadi, wengine hurudi na mafua. Tona alikuwa anarudi na jeshi.

Msinitazame hivyo. Nimesema jeshi, tena jeshi kamili: wapiga ngoma, washika bendera, maofisa wenye vitambi, na farasi wawili watatu, wote wamelazwa kwenye pamba ndani ya kopo la biskuti, kila mmoja na kimo cha kidole gumba. Vijiaskari vya plastiki vya vita vya zamani, enzi zile watu walipokuwa wakienda kuuana wamevaa kama wanakwenda harusini: koti la rangi kali, vifungo vinang'aa, na kofia ndefu yenye unyoya juu ili adui asipate taabu ya kukutafuta. Vikitoka dukani vinakuwa kijivu tupu, uchi wa mnyama. Tona ndiye aliyekuwa akivivisha, kwa brashi yenye nywele za kuhesabika.

Jina la Tona alipewa kazini, kwa sababu ya tona, ule unga mweusi wa mashine za fotokopi uliokuwa haumtoki kwenye kucha hata aoge na dawa ya choo. Alikuwa fundi wa mashine hizo, na kampuni ilimtuma kila mji wenye ofisi na ofisi yenye kiherehere. Mashine ya fotokopi ina akili kuliko meneja wake. Hufanya kazi bila neno mwaka mzima, ikasubiri asubuhi ya mkutano mkubwa ndipo ikatafuna karatasi. Hapo anaitwa Tona. Anafunua tumbo la mashine, anavuta kipande cha karatasi kilichojikunja, na ofisi nzima inamwangalia kana kwamba ndiye aliyekitia humo.

Jioni mafundi wenzake walikuwa wanakwenda kunywa na kusema uongo, kama inavyowapasa watu wazima. Tona alirudi gesti, akatandika taulo juu ya stuli, akapanga chupa zake za rangi. Glasi mbili: moja ya kusuuzia brashi, moja ya chai. Ni mara ngapi amechovya brashi kwenye chai na kunywa maji yaliyosuuza farasi, hilo ni baina yake na tumbo lake.

Siku moja dada wa mapokezi alimletea taulo, akagonga na kuingia kwa mpigo. Akamkuta mtu mzima mwenye ndevu, miwani juu ya miwani, anapuliza suruali ya mwanasesere ikauke.

"Vya watoto?" dada akauliza kwa upole ule wanaotumia wauguzi.

"Hapana," Tona akajibu bila kuinua kichwa. "Vya baba mkwe wangu."

Dada akafunga mlango polepole. Tangu siku hiyo taulo zilikuwa zinaachwa nje.

Lakini alisema kweli, masikini. Vilikuwa vya baba mkwe. Mzee huyo alikuwa fundi cherehani wa sare, na nikisema sare nina maana wanafunzi, walinzi, wauguzi, bendi ya tarumbeta, wote wa mji ule walitembea ndani ya mishono yake. Uzeeni akapenda sare za majeshi ya kale, akaigeuza meza yake ya kukatia vitambaa kuwa uwanja wa vita. Majeshi mawili yanapangwa, dadu zinarushwa, na hatua za askari zinapimwa kwa tepu ileile aliyoivaa shingoni tangu ujana. Tona aliingia kwenye mchezo huo si kwa kupenda vita, maana yeye hata kuku anamchinjisha jirani. Aliingia kwa sababu mzee hakuwa na neno lingine la kuzungumza naye. Akiulizwa binti yake kaolewa na nani, alikuwa anajibu, "Kaolewa na fotokopi."

Na kila kikosi ambacho Tona alikileta kilikaguliwa. "Hii kola ni ya wapi? Ya wapishi?" Au, "Huyu umemvisha au umemmwagia?" Miaka ikaenda, watoto wakazaliwa, wakaota meno, na sifa haikutoka. Maana mzee alikuwa na kiburi kimoja tu duniani, nacho ni jicho lake la rangi. Bluu, alikuwa akisema, ziko nyingi kama shemeji, lakini mjinga anaiona moja. Alikuwa na uwezo wa kukaa barazani akakwambia shati la mpita njia ng'ambo ya barabara ni damu ya mzee au ni jekundu lililopauka, na akataja sabuni iliyolipausha.

Basi, jicho hilohilo ndilo lililoingiwa na mtoto wa jicho. Macho yote mawili, la kulia zaidi. Daktari aliwaambia wazi kwamba mtoto amekomaa na upasuaji ni mdogo tu, ila wakiendelea kungoja, jicho la kulia litakufa kabisa na hata yeye hatakuwa na la kufanya. Mzee akacheka. "Watoto wangu wote nimewalea," akasema, "na huyu wa jicho nitamlea. Mtoto hatupwi."

Wakamsihi weee. Binti yake, yaani mke wa Tona, akamwambia mficha maradhi kifo humuumbua. Mzee akajibu kwamba yeye hajaficha kitu, mtaa mzima unajua. Mwisho akatoa kiapo, na kiapo cha fundi si mchezo: "Siku nitakayokosea rangi, nipelekeni. Sitabisha."

Wakaanza kumtegea. Binti akamletea kitambaa. Mzee akakisugua kwa vidole kidogo, akasema, "Hii drili ya kaki." Akaletewa kingine. "Poplini, nyeupe, tena ya bei rahisi." Mnaona ujanja? Vidole vyake vilijua kila kitambaa kilichowahi kufumwa, na kitambaa kilimwambia rangi yake kama mshitaki wa darasa. Vitu vya nyumbani alivijua kwa moyo. Huku akimimina chai nje ya kikombe na kulalamika kwamba kikombe kimehamishwa, mtihani wa rangi alifaulu kila mara. Binti yake akawa analia jikoni kwa hasira, maana utamsaidiaje mtu anayeshinda kila mchezo anaojiumiza nao?

Ikaja safari ya Tona ya mji wa mbali, wenye ofisi ambayo mashine zake zote zilikuwa zimegoma kwa umoja. Mzee alikuwa amemwagiza kikosi cha walinzi, makoti ya bluu nzito, kwa ajili ya pambano la mwisho wa wiki. "Bluu nzito," alikariri, "usiniletee bluu ya ndoo."

Chumba cha gesti kilikuwa na dirisha, tusiwasingizie. Dirisha hilo lilitazama ukuta wa jirani kwa karibu sana. Na taa ilikuwa moja, ya njano, iliyochoka. Tona alipofungua begi akakuta chupa ya dawa ya kuyeyushia rangi imevuja, ikalamba lebo za chupa zote mpaka zikawa kama uji. Nyekundu alijua ni nyekundu, nyeupe ni nyeupe. Zikabaki chupa mbili za giza, bluu nzito na kijani kizito. Akaziinua kwenye ile taa. Pacha. Mtu mwenye akili angesubiri asubuhi akatoka nazo nje. Tona alikuwa fundi, na fundi hasubiri. "Ni hii," akasema kwa sauti ya mtu anayejua, akaifungua.

Wiki nzima akapaka. Na kusema haki, alipaka kuliko alivyowahi kupaka. Vifungo vilikaa kwenye mstari, masharubu yalikuwa na ncha, mikanda myeupe haikugusa koti hata kidogo. Akajisifu peke yake chumbani, akanywa maji ya brashi kwa furaha. Siku ya kurudi alipakia kungali giza, na kopo hakulifungua mpaka alipofika barazani kwa baba mkwe, ambako mkewe alikuwa ametangulia kumhudumia baba yake.

Ilikuwa adhuhuri, jua limejaa baraza lote. Tona akafungua kifuniko kwa mbwembwe.

Kijani.

Si kijani cha kubishaniwa, la. Kijani cha majani yaliyonyeshewa. Kikosi kizima cha walinzi wa bluu kililala pale kijani kama bustani ya mboga. Tona akataka kufunika, lakini mkono wa mzee ulikuwa umeshaingia koponi, ukatoka na mpiga ngoma. Mzee akamleta karibu na pua, akamgeuza, akamwinamisha juani. Mke wa Tona alikuwa mlangoni na birika la chai. Akaliona lile koti, macho yakamtoka.

"Bluu," mzee akasema.

Tona na mkewe wakatazamana.

"Hii ndiyo bluu. Bluu yenyewe." Sauti ilikuwa imelainika. "Miaka yote hii unaniletea matope, kumbe unaweza. Una mkono, mwanangu. Njoo ukae hapa."

Mwanangu! Tona hajawahi kuitwa hivyo na mzee huyo hata siku ya harusi. Akavutiwa kiti, kiti chenyewe, si kile kigoda cha wageni wasiotakiwa. Mzee akawa anatoa askari mmoja mmoja na kuwasifu, mikanda, masharubu, na hasa makoti, jamani, makoti! Tona alikuwa amevishwa kilemba cha ukoka, na mimi nawaambia ukweli, kilimkaa vizuri.

Watu wenye busara tunajua cha kufanya hapo. Unakunywa chai. Unasema asante, baba. Unacheza mchezo wako, unarudi nyumbani na sifa uliyoisubiri ujana wako wote, na jicho la mtu mwingine linabaki kuwa la mtu mwingine. Tona aliwaza hayohayo yote. Aliyawaza huku anamtazama mzee akipapasa meza kutafuta mahali pa kumsimamisha mpiga ngoma, akamsimamisha nusu ndani nusu nje ya ukingo. Kijiaskari kikaanguka sakafuni. Mzee hakuona.

Tona akakiokota. Mkewe bado amesimama mlangoni, chai ya birika inammwagikia mguuni na yeye hana habari. Hakumkonyeza wala hakumwambia neno. Alikuwa amechoka kusema.

"Baba," Tona akaanza. Angenyamaza sasa angekuwa anampaka mzee mafuta kwa mgongo wa chupa, na kwa wiki moja alikuwa amepaka vya kutosha. "Baba, nimekosea. Si bluu."

"Nini si bluu?"

"Makoti. Lebo zilifutika, taa ya kule mbovu. Nimepaka kijani."

Mzee akatabasamu, kisha tabasamu likaondoka. "Unanijaribu? Nyumbani kwangu?"

"Sikujaribu, baba. Nimeona sasa hivi, wakati mmoja na wewe."

"Mimi nimeona bluu!" Akageuka mlangoni. "Wewe, njoo hapa. Koti hili rangi gani? Usimwangalie mumeo, niangalie mimi."

Binti akaweka birika chini. "Kijani, baba."

Mzee akamchukua mpiga ngoma, akamsugua kwa kidole gumba, akamsugua tena, kama alivyokuwa akisugua drili na poplini. Plastiki haikumwambia kitu. Akaendelea kusugua mpaka Tona akaona aibu kutazama.

Kisha akamgeukia binti yake.

"Yule mwalimu mkuu wa kike. Aliyenirudishia sketi za shule."

"Ndiyo, baba."

"Nilimwambia ana macho ya kuku. Nikafunga duka kwa ajili ya yule mama. Nikasema watu wa siku hizi hawastahili fundi." Akaacha kusugua. "Sketi zilikuwa na nini?"

Binti akainama. "Zilikuwa bluu, baba. Mifuko ulikuwa umeitia myeusi."

"Zote?"

"Zote."

"Na wewe ukaniona naondoka dukani, ukanyamaza."

"Ningesema ungenifukuza na mimi."

"Ningekufukuza," mzee akakubali. Akamrudishia Tona mpiga ngoma mkononi, akafuta uso wake kwa ile tepu ya shingoni. Mimi si mtu wa huruma, lakini fundi anayefuta machozi kwa tepu ya kupimia, hilo nalo lina ukubwa wake.

Halafu akainuka, akashika nguzo. "Hospitali wako wazi leo?"

"Mpaka jioni," binti akasema upesi, kabla hajabadili nia.

"Basi sitakwenda na kanzu ya kulalia. Mtu anitolee shati na suruali vinavyoelewana."

Binti akaanza kuingia ndani.

"Si wewe," mzee akasema. "Yeye."

Tona akasimama. "Unataka rangi gani, baba?"

"Ningekuwa najua ningekutuma?" mzee akamkemea. "Chagua wewe."