Wimbo wa Watu Watatu

Niliondoka Kilimatinde asubuhi bila mpango, nimekasirika. Siku tatu nilikuwa nimembembeleza mzee niliyekuwa namlimia shamba anifundishe wimbo aliouimba na wenzake kifungoni.

Wakati wa vita vya Mjerumani alikuwa mwalimu wa misheni. Wajerumani waliwashuku walimu kuwa wanawapelekea Waingereza habari, wakawafunga watatu watatu kwa mnyororo wa shingoni, wakawachongesha barabara. Kila mmoja alikuwa na sehemu yake ya wimbo, na kuimba ya mwenzako ilikuwa mwiko. Aliyenyamaza, wenzake walijua nguvu zimemwishia, wakapunguza hatua.

Mzee aliimba sehemu yake, akanyamaza pa wenzake, akaendelea.

"Jaza basi, babu."

"Nijaze ya watu? Wa kati amekufa. Wa mwisho yuko Ihanja. Ningemsikia mara moja tu, ningekufa vizuri, ila miguu hainifikishi hata chooni. Wewe shule uliikimbia. Kutembea si ndiyo kazi yako?"

Nikatembea siku nne. Ihanja nilikuta nyumba yake imeezuliwa paa, watu wamehamishiwa vijiji vipya. Karani alinijibu bila kuinua kichwa: "Yuko kwenye maendeleo." Kutwa nzima nikauliza wapi, hadi nikaambiwa: Issuna! Nilipapita juzi, nikanywa maji pale.

Nikarudi Issuna, nikamkuta huyo wa mwisho akikandika udongo kwenye nyumba yake mpya.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba."

Nikamweleza kila kitu.

"Hebu imba sehemu yake."

Nikaimba.

"Unaimba kama mbuzi anayevutwa kamba."

Akasimama nyuma yangu, akanishika shingo kwa mkono wenye tope. "Tembea." Tukatembea kati ya nyumba za kijiji, yeye akichechemea. Niliimba, tukapita pa marehemu kimya, kisha akaimba yeye. Mstari mmoja, mfupi. Nilipojaribu kuurudia akanifinya.

"Huo si wako."

"Sasa nitampelekea nini?"

"Utanipeleka mimi."

"Kwa miguu hiyo?"

"Kesho nitaomba ruhusa ya kutoka kwa mwenyekiti wa kijiji."

Mwenyekiti, nilivyoambiwa na jirani, alikuwa amekwenda mkutanoni Singida, na wiki iliyopita alimnyima ruhusa mtu aliyefiwa na dada.

"Akikunyima?"

"Nitaomba keshokutwa. Weka mzigo wako ndani."

Upande mmoja wa nyumba ulikuwa bado haujaezekwa. Akanionyesha upande wenye paa, akaniambia ninawe shingo.