Kozi wa Mnazi Mfu

Asubuhi ile nilitoka Chikongola na mfuko begani bila kujua ninakwenda wapi. Nilijua tu kwamba simtaki tena yule Mngoni niliyekuwa nikitembeza naye wageni wa kutazama ndege.

Jana yake, huko Mahurunga, aliupiga panga mnazi uliokufa ili kozi, yule mwewe mdogo, aliyelalia mayai kileleni aruke, wageni wampige picha. Akaruka: mwili wa kijivu, kichwa cheupe, ngozi ya manjano kuzunguka jicho. Kozi aliyekomaa, hakuna ubishi. Tulingoja mpaka jua likawa kali, hakurudi. Kunguru wakashuka kileleni, wakala mayai.

"Umewaua wanawe kwa ajili ya picha," nikamwambia.

"Mmakua gani analilia ndege asiyemla?" Wageni wakacheka. "Halafu, mtani hakasiriki."

Hilo ndilo lililonichoma. Utani ukanifunga mdomo, na hasira nikalala nayo.

Bodaboda ikanishusha Kitaya, maana mbele ni mto. Kando ya nyumba moja ya udongo palikuwa na mnazi mwingine usio na makuti, na juu yake kozi. Nikatoa darubini. Kijivu chake kilichanganyika na kahawia, na ngozi ya jicho haikuwa ya manjano, ilikuwa ya buluu iliyopauka. Kinda wa mwaka huu. Kumbe kuna waliofaulu kuangua.

Chini yake mama mmoja alikuwa akifunga kamba kwenye shina, shoka miguuni.

"Usiukate!" nikapaza sauti, nimeshaingia uani. "Kozi amekosa nini?"

"Ananimalizia vifaranga."

"Huyo anakula panzi na mijusi."

"Umemuuliza?"

"Vifaranga mara mojamoja," nikasema, bado nimefura. "Mnakata tu, mnakata tu, hamtazami."

Akanikazia macho. "Mwanangu, unanigombeza kwangu na hata hodi hujapiga."

Nikarudi hadi njiani, nikapiga hodi. Akaitikia.

Kwa kuwa sikuwa na pa kwenda, nikamwomba mahali pa kulala.

"Chumba kipo," akasema. "Mchana utalinda kuku. Kozi akishuka, mfukuze. Kifaranga akipotea, mnazi unaanguka na wewe unaondoka."

"Nimekubali, mama."

Akaifungua kamba kwenye shina, akanitupia nitundikie chandarua.