Uji wa Saa Sita

Mimi ni mwalimu wa baiolojia. Kongosho nimelichora ubaoni kwa miaka mingi kuliko umri wa wanafunzi wangu. Kwa hiyo paka wetu alipoanza kumaliza beseni la maji kila siku, akakonda huku anakula kama amefungulia saumu, na sisimizi wakapanga foleni nyuma ya jiko mahali alipokojoa, sikuhitaji kuambiwa. Daktari wa mifugo hapa Arua alimpima mara mbili. Mara ya kwanza alicheka, mara ya pili akaacha kucheka.

"Hii iko sukari kweli," alisema. "Mimi natibu ng'ombe na mbuzi, mama. Paka ya sukari naona leo."

Akanipa namba ya simu ya mwenzake wa Kampala anayejua paka, na huyo ndiye aliyetuongoza. Insulini ilikuwa ileile ya watu, sindano nyembamba kama unywele, mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni, na paka lazima awe amekula kwanza. Kabla ya kila sindano unamtoboa sikio, unapata tone la damu, unapima kwa mashine ndogo. Chakula kikawa dagaa wa mukene, yai na kuku wa kuchemsha. Ugali wa posho marufuku, wali marufuku, maziwa marufuku. Umeme wa mji wetu unajulikana, kwa hiyo chupa ya dawa niliiweka ndani ya chungu kidogo, chungu ndani ya mchanga uliolowa, na kila asubuhi niliumwagia maji ule mchanga kabla sijanawa uso wangu.

Watu walisema. Kwenye chumba cha walimu niliambiwa paka wangu ana ugonjwa wa mabosi, bado gari na kitambi. Mwenzangu mmoja, ambaye mama yake anadungwa dawa hiyohiyo na kuna miezi anaikosa, hakucheka. Huyo ndiye niliyeshindwa kumtazama. Lakini paka nilikuwa naye miaka tisa, analala miguuni pangu nikisahihisha mitihani, na sikuwa tayari kumwacha akauke huku najua dawa yake.

Wakati huohuo shangazi wa mume wangu alikuja kukaa kwetu. Nyumbani kwake ni Lobule, upande wa Koboko, na goti lilikuwa linamsumbua hata akawa anapelekwa hospitali ya Kuluva kila baada ya wiki mbili. Mimi si Mkakwa kama wao, na Kikakwa changu ni cha salamu tu, kwa hiyo mimi naye tuliongea Kiswahili. Aliniita Mwalimu. Nilimpenda, na nataka ijulikane hivyo, kwa sababu mengine yote nitakayosema hayaonyeshi.

Nilimpa semina nzima siku ya kwanza. Paka huyu asipewe kitu chochote ila kilicho kwenye kisahani chake. Akaitikia, "Sawa, Mwalimu." Nikaenda kazini moyo mweupe. Shule yangu iko njia ya Inde, natoka asubuhi narudi jioni, mume wangu vilevile, na mchana nyumbani alibaki yeye na paka.

Sukari ikagoma kushuka. Asubuhi inaanza kutulia, jioni iko juu mbinguni. Nilipiga simu Kampala, daktari akaniruhusu kuongeza dozi kidogo, ila akasisitiza nimpime paka na mchana, hata siku moja kwa wiki. Nikamwambia nitapima Jumamosi. Jumamosi kulikuwa na masomo ya ziada, Jumamosi nyingine kulikuwa na kikao cha wazazi. Sikupima. Nikaongeza dozi tena, mara hii bila kumpigia mtu, kwa sababu nilikuwa nimechoka na nilitaka ile mashine inipe jibu zuri mara moja tu. Kila jioni nilisimama na kidaftari changu nikaandika namba, na kila jioni nilikasirika. Nilishuku dawa imeharibika kwa joto. Nilishuku mashine. Nikanunua mukene wa duka lingine.

Ijumaa moja nilirudi mapema, sijala, kichwa kinagonga. Paka alinipokea mlangoni, na kidevuni ana kitu cheupe kimekauka. Nikakisugua kwa kidole. Uji wa mtama, wa maziwa. Jikoni kulikuwa na kikombe cha chai hakijaoshwa, na ndani yake sukari imeganda chini.

Kikulacho ki nguoni mwako, nikajiambia, na nikamwendea Shangazi alikokaa kwenye mkeka, goti amelinyoosha. Sikupiga kelele sana, lakini maneno niliyosema hayakuhitaji kelele. Nilimwambia anamuua yule paka kwa kijiko. Nilimwambia kama hawezi kufuata jambo dogo hivi, kazi yangu yote ni bure. Aliniangalia mpaka nikamaliza.

"Nimesikia," alisema.

Kesho yake asubuhi alikuwa amefunga mzigo wake. Mume wangu alimsindikiza mpaka kwenye gari la Koboko, akarudi, akaniambia nimemfukuza dada wa baba yake kwa ajili ya paka. Nilimjibu kwamba mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Nilijiona nina haki. Nilifurahi hata, nakiri, kwamba sasa namba zitanyooka.

Jumapili paka alikula mukene wake, nikamdunga dozi ileile kama kawaida, nikaenda kanisani. Niliporudi alikuwa amelala ubavu chini ya meza, miguu inapiga hewa, mate yanamtoka, macho wazi na haoni. Sukari ilikuwa imeshuka hata mashine haikuandika namba. Mimi niliyepiga marufuku maziwa nilipiga magoti sakafuni nikampaka sukari ya chai kwenye fizi, kidole baada ya kidole, nikilia kwa hasira, mpaka akameza, mpaka akainua kichwa.

Daktari wa Kampala hakunipongeza. Alisema dozi ile ilikuwa kubwa mno kwa paka yeyote wa ukubwa ule. Akaagiza nirudi tulipoanzia, halafu akauliza: alikuwa anakula nini mchana, kiasi gani, saa ngapi? Sikujua. Aliyejua alikuwa Lobule, na simu yangu hakuipokea. Mume wangu alisema yeye hakumfukuza mtu, kwa hiyo hana cha kumpigia.

Jumatatu niliomba ruhusa shuleni. Nilimdunga paka ile dozi ndogo, nikanunua sukari na mche wa sabuni, maana kwa shangazi huendi mikono mitupu, nikaenda Koboko, kisha bodaboda mpaka Lobule. Nilimkuta amekaa mbele ya nyumba, ungo mapajani, anabambua karanga. Akanipa kiti, akanipa maji. Niliomba msamaha vibaya, kwa maneno mengi, kisha nikamweleza yaliyotokea Jumapili. Mikono yake ilisimama kidogo, ikaendelea.

"Shangazi, uji ulikuwa unampa kiasi gani?"

"Kikombe moja. Saa sita. Si kila siku. Siku ile ikitetemeka."

"Akitetemeka?"

"Unapiga sindano, unaenda kazi. Ikifika saa sita miguu ya nyuma inakataa, inatembea kama mutu ya pombe. Mimi najua njaa, Mwalimu. Nilipika uji, nilitia sukari, ikanywa, ikasimama. Siku zingine mara mbili."

"Tangu lini?"

"Tangu uliongeza dawa."

Niliona haya mpaka masikio yakawa moto. Kila alipomwokoa mchana, mimi jioni nilisoma namba na kuongeza sumu. Lakini hata katika aibu hiyo hasira yangu ilitafuta pa kushika.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulirudi jioni, ulishika kitabu, ulipima, ulikasirika. Kila siku. Ningesema saa ngapi?"

Nilichukua karanga mikono miwili nikaanza kubambua. Yeye akatazama kivuli cha paa, kilikuwa kimeingia karibu na ukuta.

"Leo asubuhi ulipiga yeye sindano?"

"Nilimdunga. Kidogo tu."

"Sasa iko saa sita. Nani iko na yeye?"

Mume wangu alikuwa kazini. Mlango nilikuwa nimeufunga mwenyewe, na ufunguo ulikuwa kwenye mkoba wangu.

"Hakuna mtu," nikasema.

Aliweka ungo chini, akashika goti lake, akainuka.

"Ita bodaboda," alisema.